Atieno aliyezaliwa asubuhi: mila za kumpa mtoto jina Nairobi, bega kwa bega

Fomu ya hospitali ina nafasi ya jina, na nesi wa zamu ana kalamu mkononi ila subira hana. Ndivyo tulivyojikuta mwezi wa Aprili katika wodi moja ya wazazi hapa Nairobi, watu wazima sita tukizozana juu ya kitoto cha saa nane. Kaka yangu ni Mjaluo kama mimi, mkewe ni Mkikuyu, na mtoto wao wa kwanza, msichana, alizaliwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mvua ikimwagika kama imetumwa. Baba akasema jambo limekwisha: Akinyi. Shangazi yetu akapendekeza Akoth, kwa ajili ya mvua. Wifi yangu, kwa upole wa mtu aliyejifungua asubuhi hiyo hiyo, akasema kwao jambo hili halina hata mjadala. Binti wa kwanza ni mama mzaa baba. Yaani mama yetu. Yaani Atieno, jina la aliyezaliwa usiku.

Hebu itazame hiyo tena. Tukifuata mila ya Wakikuyu, mtoto anapata jina la Kijaluo, tena lisilo la saa yake. Tukifuata ya Wajaluo, mama mzaa baba, Mjaluo halisi wa Siaya, hapati kitu. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo nimeombwa ushauri wa majina na nusu ya marafiki zangu, wengi wao wakiwa wameoana kabila hili na lile kama ilivyo kawaida ya mji huu. Nimegundua kwamba wanaanza vibaya. Wanaanza na orodha ya majina mazuri. Kila mila inauliza swali lake kabla ya kutoa jina, na maswali hayo hayafanani hata kidogo. Moja linauliza umemrithi nani. Lingine, ulifika lini na ukatukuta katika hali gani. La tatu, tunakuombea nini. Chagueni swali kwanza. Majina yatakuja yenyewe, na ugomvi utakuwa mfupi.

Umemrithi nani

Utaratibu wa Wakikuyu unajulikana karibu na kila mtu Nairobi. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili ni nyanya mzaa mama. Wakizidi hapo, zamu inaingia kwa ndugu za baba na ndugu za mama, upande huu kisha upande ule. Si lazima mwenye jina awe amefariki. Cucu, yaani nyanya, yuko hai, anakula ugali wake vizuri, na jina lake linatambaa sakafuni.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakuna wa kugombana naye. Jina lilikwisha kuamuliwa kabla mimba haijatungwa. Tena upande wa mke una fungu lake lililoandikwa, jambo ambalo mila nyingi za mfumo dume hazikulikumbuka. Uhusiano wenyewe unakuwa wa kweli: baba humwita bintiye wa kwanza "maitũ", mama yangu, na hatanii. Nimemwona mwanamume wa futi sita akikemewa na "mama" wa miaka minne kwa kuingia na viatu.

Kwa mila hii maana ya neno lenyewe inarudi nyuma. Nyambura linatokana na mvua, lakini Nyambura wa leo huenda alizaliwa kiangazi cha Januari. Yeye ni Nyambura kwa sababu nyanya yake ni Nyambura. Muthoni ni mkwe. Njogu ni ndovu. Wanjohi limebeba pombe ndani yake, na namjua mmoja ambaye ni mzee wa kanisa asiyeonja hata togwa. Mwangi na Maina yalikuwa majina ya vizazi viwili vilivyopokezana uongozi zamani. Ukiuliza "jina lako maana yake nini", Mkikuyu atakujibu kwa kukuonyesha mtu, na kamusi ibaki kabatini.

Ubaya wake? Kwanza majina ni machache. Yale ya mabinti wa Mumbi katika hekaya ya asili ya Wakikuyu, Wanjirũ, Wambũi, Wanjikũ, Wangarĩ, Wairimũ na wenzao, ndiyo yanayozunguka mpaka leo, na darasa lolote la Nairobi lina Wanjiku watatu. Jina hilo limeenea kiasi kwamba katika siasa za Kenya "Wanjiku" ni mwananchi wa kawaida, yule anayesemewa na kila mtu.

Pili, na hili watu hawalifikirii mpaka liwakute, utaratibu huu ulitungwa kwa familia kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 hivi. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta 3.4, na mjini ni wachache zaidi. Sasa piga hesabu. Mume na mke wana watoto wawili, mvulana na msichana. Mvulana ni babu mzaa baba. Msichana ni nyanya mzaa baba. Basi, wamefunga. Wazazi wa mke hawakupata kitu, na mila inayosifiwa kwa usawa imewaacha nje. Wakizaa wavulana wawili, au wasichana wawili, kila upande unapata mmoja. Kwa hiyo haki ya mama mkwe inategemea jinsia ya kitinda mimba. Nimewasikia wenzangu wakitoka kwenye mtego huu kwa kumpa mtoto majina mawili ya wazee, moja la kila upande, na sioni ubaya.

Wakamba nao hurithisha majina ya wazee, na Wagiriama wa Pwani wana utaratibu wao wa majina yanayorudi kizazi baada ya kizazi. Sisi Wajaluo tunarithisha pia, ila kwetu majina hayo huwa hasa ya waliotangulia mbele ya haki, na yalikuja kwa ndoto: mzee anamtokea mtu wa nyumbani usingizini kudai jina. Ndiyo maana baba yetu alikunja uso kidogo pale wodini. Jina la mkewe aliye hai, ameketi hapo na chupa ya uji? Kwake lilikuwa kama kumpangisha mtu nyumba ambayo mwenyewe hajahama.

Ulifika lini

Hapa ndipo nilipozaliwa, kwa hiyo nisamehewe upendeleo. Jina la Kijaluo ni daftari. O- kwa mvulana, A- kwa msichana, halafu tukio. Akinyi asubuhi, Anyango jua likianza kupanda, Achieng' jua la mchana, Adhiambo jioni, Atieno usiku. Apiyo ni pacha aliyetangulia, Adongo ni aliyemfuata, na Akello anakuja nyuma ya mapacha. Auma alitoka amelala kifudifudi. Awino alikuja na kitovu kimemzunguka. Ukiyajua haya, orodha ya wageni kwenye harusi ni ripoti ya mkunga.

Wala si sisi peke yetu. Tukio ni lile lile, lugha ndizo zinazobadilika, na kwa wazazi wa makabila mawili hapa ndipo penye hazina:

Mvua: Okoth na Akoth kwa Wajaluo, Wafula na Nafula kwa Wabukusu, Kiprop na Jerop kwa Wakalenjin, Wambua na Syombua kwa Wakamba.
Usiku: Otieno na Atieno, Kipkemboi na Jepkemboi, Mutuku na Nduku, na Chausiku kwa Waswahili.
Njaa: Okech na Akech; Wanjala na Nanjala.
Safarini: Wangila na Nangila kwa Wabukusu, Kipruto na Cheruto kwa Wakalenjin, Kyalo kwa Wakamba, Charo kwa Wagiriama.

Mjaluo akioa Mkamba na mtoto akazaliwa usiku, Atieno Nduku ni jina moja lililosemwa mara mbili. Nimeona wazazi wakilifurahia hilo kuliko zawadi yoyote. Kila nyanya anamwita kwa lugha yake na hakuna aliyeongopa.

Wakalenjin wamelifikisha jambo hili mbali kuliko sote, na dunia nzima imejifunza kwa kutazama riadha bila kujua kwamba inajifunza. Kip- ni mwanamume, Chep- au Jep- ni mwanamke. Kipkoech alfajiri, Kibet mchana, Kiprotich ng'ombe wakirudi zizini, Kipng'etich wakitoka kwenda malishoni, Kiptoo nyumba ikiwa na wageni, Kipsang alizaliwa nje. Kipchoge linahusishwa na ghala la nafaka. Na Kipchumba ni yule aliyezaliwa mahali penye wazungu, kwa mfano hospitali ya misheni. Nalipenda hilo la mwisho kwa sababu linaonyesha mila iliyokutana na jambo jipya ikalipa kiti badala ya kulifukuza.

Na Nairobi wenyewe ni mtoto wa mila hii. Wamaasai waliuita mto Enkare Nairobi, maji baridi, wakieleza walichokikuta. Reli ilipofika 1899 ikakuta jina lipo.

Zipo kasoro. Ya kwanza inachekesha kidogo: upasuaji wa kupangwa. Daktari akikuandikia saa tatu asubuhi ya Jumanne, basi daktari ndiye aliyechagua jina. Wodi nzima ni akina Anyango. Ya pili haichekeshi. Majina haya yaliandika ukweli wote, na ukweli mwingine ni mchungu. Wanjala anabeba njaa ya mwaka ambao haukuwa kosa lake. Waswahili nao wana Tabu, Shida na Mashaka, majina ya mama aliyekuwa akilia. Wapo wanaoyabeba kwa fahari, kwamba tabu ilikuja na ikapita nami nikabaki. Lakini mimi nisingempa mtoto wa leo Shida kwa sababu tu mwenye nyumba ameongeza kodi.

Mila hii pia inakubali mambo ya ugenini bila aibu. Mwigizaji Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico mwaka 1983 kwa wazazi Wakenya, wakampa jina la huko huko, kifupisho cha Guadalupe. Wengine wanaona hapo jina la kigeni. Mjaluo anaona utaratibu umefuatwa.

Tunakuombea nini

Swali la tatu halimwangalii babu wala saa. Linaangalia mbele. Wameru wana akina Makena, furaha, na Kendi, mpendwa, na ndiyo maana Makena limevuka mpaka wa Meru na kusambaa kwa wasichana wa Nairobi wasio na hata shangazi mmoja huko. Wasomali wa Eastleigh wana Warsame, habari njema, na Hodan, utajiri. Na Kiswahili kina ghala zima: Zawadi, Baraka, Neema, Imani, Amani, Subira, Tumaini, Faraja.

Upande wa majina ya Kiislamu maana huwa wazi kwa anayejua Kiswahili, kwa kuwa mzizi ule ule tunao mdomoni kila siku. Aisha na maisha ni ndugu. Amina na amana na imani wametoka tumbo moja. Karim ndiye mkarimu, Salim ndiye salama, Rehema haina haja ya tafsiri, na Zuhura ni nyota ile ing'aayo alfajiri. Mtoto hupewa jina mara nyingi siku ya saba, pamoja na akika. Angalizo dogo kwa wanaopenda kufupisha: Abdul peke yake ni sentensi iliyokatika, "mtumwa wa" nani? Abdallah, Abdulkarim, Abdulrahman, hapo imekamilika. Na msidhani Pwani hawajui majina ya tukio. Juma na Mwanajuma, Hamisi na Mwanahamisi ni siku za wiki. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi. Mwanaidi ni sikukuu. Mosi, Pili na Tatu ni foleni ya kuzaliwa.

Wazazi wengi wa hapa huchagua Imani au Amani kwa sababu nyingine, nayo tuiseme wazi. Katika nchi hii jina ni kitambulisho cha kabila kabla ya kitambulisho chenyewe. Baada ya ghasia za 2007 na 2008 nilisikia wazazi kadhaa wakisema wanataka mtoto ambaye jina lake haliwezi kumtaja. Nawaelewa kabisa. Ila Amani Kiprotich bado ni Kiprotich, na anayetafuta kabila hasomi jina la kwanza. Chagua Amani kwa kuwa unataka amani. Ukilichagua kama kofia ya kujifichia, upepo wa kwanza utalipeperusha.

Uhuru, kwa mfano, ni jina la ombi na la tukio kwa pamoja. Mwana huyo wa Jomo Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, babake akiwa ametoka kizuizini Agosti ya mwaka huo huo, na nchi ilikuwa bado miaka miwili kuufikia wenyewe.

Na jina la kizungu?

Hapa nitapita haraka, kwa sababu watu wengi hulichukua bila kulichagua. Wanafikiri kanisa linalidai. Kwa Wakatoliki hilo lilikuwa kweli zamani; sheria ya kanisa ya 1917 ilitaka jina la Kikristo. Ile ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe kinyume na hisia za Kikristo. Akinyi anabatizwa akiwa Akinyi. Wangari Maathai alibatizwa Miriam, akaja kuwa Mary Josephine alipojiunga na Ukatoliki, na mwishowe akarudi kwa Wangari. Ndilo jina lililoitwa Oslo mwaka 2004 akipokea Nobeli.

Kama mnalitaka kwa mapenzi, litakeni kwa maana yake. Yohana ni "Mungu ana neema". Daudi ni mpendwa, sawa kabisa na Mwende wa Wakamba. Petro ni mwamba. Lakini tuna ugonjwa wetu wa kuwapa watoto majina ya ukoo ya Waingereza na Wamarekani kama majina ya kwanza. Newton, jina la mwanasayansi, ni "mji mpya", yaani mahali tu. Wycliffe alitwaliwa kwa heshima ya mtafsiri wa Biblia wa karne ya 14, nalo pia ni jina la kijiji. Kennedy wa umri wangu wako wengi, na hao nawatetea: wakfu wa familia ya Kennedy ndio uliogharimia ndege za wanafunzi wetu kwenda Marekani mwaka 1960, kwa juhudi za mwanasiasa wetu Tom Mboya. Hilo ni tukio, na tukio linastahili jina.

Kisichoeleweka kwangu ni Grace, Faith na Mercy kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili chumbani, jikoni na sokoni. Neema, Imani na Rehema wamekosa nini?

Jina la mwisho, palipo na makaratasi

Hadi hapa tumeongea mambo ya mdomo. Jina la ukoo ni jambo la karatasi, na wazee wetu wengi hawakuwa nalo. Walikuwa na kiungo: bin na binti kwa Waswahili, wuod na nyar kwa Wajaluo, wa kwa Wakikuyu, arap kwa Wakalenjin baada ya jando. Kiungo kinasema wewe ni wa nani, halafu kinasogea. Mwanao atakuwa wa kwako. Hatakuwa wa baba yako.

Kwa hiyo mzazi wa Nairobi ana njia mbili. Ya kwanza ni ya kusogea: mtoto anachukua jina binafsi la baba. Baba ni Otieno Okoth, binti ni Akinyi Otieno. Ya pili ni ya kugandisha: Okoth linabaki, na wajukuu na vitukuu wote ni akina Okoth hata kama hakuna aliyeiona mvua ile. Familia ya Rais wa 44 wa Marekani iligandisha. Obama lilikuwa jina binafsi la babake babu. Babu akawa Onyango mwana wa Obama, na toka hapo likakaa. Kenyatta halikuwa hata jina la mzazi. Mzee alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone mwaka 1914, na Kenyatta likatokana na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa. Leo ni ukoo.

Wasomali wamelikataa jambo la kuganda. Jina lako, la baba, la babu, na ukiendelea kupanda unaimba nasaba nzima. Mwanamke habadilishi akiolewa, kwani baba yake habadiliki. Kwa maoni yangu ndio mfumo ulionyooka kuliko yote. Masingasinga wa hapa nao wana utaratibu unaotoka 1699, wa Singh kwa mwanamume, yaani simba, na Kaur kwa mwanamke, na hapo jina halitaji ukoo hata kidogo, limekusudiwa kuufuta.

Nikiulizwa nipendekeze, kwa anayekaa Kenya nasema sogeza. Jina la mwisho litamtaja mtu ambaye mtoto anamjua. Kwa familia inayosafiri au kuishi nje, gandisha, kwa sababu afisa wa uwanja wa ndege wa ugenini haelewi kwa nini baba ni Okoth na binti ni Otieno, na si saa hiyo ya usiku utakapomfundisha.

Na baba asipokuwepo? Mama anayelea peke yake ana haki ya kumpa mtoto jina lake, na wengi hufanya hivyo. Zamani cheti cha mtoto wa nje ya ndoa hakikuweza kuandikwa jina la baba mpaka mwenyewe aombe pamoja na mama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba, ambayo kifungu chake cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa. Kuhusu mke kuchukua jina la mume, hakuna sheria inayomlazimisha. Turudi kwa Wangari: walipoachana, mumewe hakutaka aendelee kutumia Mathai. Yeye akaongeza a moja. Maathai. Sijaona jibu fupi kuliko hilo.

Kabla hamjaandika

Majaribio yangu ni machache na si ya kitaalamu. Liiteni jina kwa sauti kama kondakta wa matatu. Litazameni mtaani litakatwaje, kwa maana litakatwa: Wanjiku atakuwa Shiku, Otieno atakuwa Otis, Brian hana namna ila kuwa Brayo. Kama hampendi kifupisho, hampendi jina.

Kisha tahajia. Kama lina ng', mjue kwamba mashine nyingi za ofisini huila ile alama ya juu. Nyong'o bila alama ni nyongo. Mimi mwenyewe nina ng' katika jina langu, na ofisi moja iliniandika bila alama, nyingine ikaweka nafasi wazi mahali pake, ya tatu ikaondoa g kabisa. Nikawa watu watatu, na ilinichukua hati ya kiapo na siku nne za foleni kuwaunganisha. Amueni tahajia moja, iandikeni kwenye kipande cha karatasi, na msome fomu herufi kwa herufi kabla ya kuondoka. Sajilini ndani ya miezi 6, baada ya hapo mnahesabiwa mmechelewa na ushahidi unaodaiwa unaongezeka. Mtu mzima anaweza kubadilisha jina baadaye kwa hati ya wakili inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi, lakini hiyo ni pesa na muda.

Pale wodini, aliyemaliza kesi alikuwa mama mzaa wifi yangu. Jina lake ni Nyambura, mvua bado ilikuwa inanyesha, na shangazi yetu akaona mwanya: mtoto wa mvua, nyanya wa mvua, si tumwite Nyambura tupatane wote? Cucu akatikisa kichwa. Zamu yake ni ya msichana wa pili, akasema, na hawezi kuruka foleni kwa mama mwenzake ati kwa sababu ya hali ya hewa.

Kwenye fomu tukaandika Atieno Akinyi, usiku na asubuhi, halafu jina la kaka yangu kama jina la mwisho. Baba humwita Akinyi mpaka leo, anasema yeye anafuata saa. Wiki iliyopita wifi ametuambia ana mimba ya pili, na Cucu Nyambura amepiga simu mara tatu kuuliza kama picha ya skani imeshaonyesha kitu.